Wete, Nilikopeleka Miwani

Mtaani kwetu Dar es Salaam duka la rejareja huitwa "kwa Mpemba" hata kama mwenyewe katokea Iringa. La kwetu ni la Mpemba kweli, mzaliwa wa Wete. Hufungua akitoka msikitini alfajiri, hufunga saa nne usiku, na siku ambazo mlango wake hushinda umefungwa ni za kuhesabu: Idi mbili za kila mwaka, na wiki moja kila baada ya miaka mitano. Wiki hiyo ni ya uchaguzi. Miaka yote nilidhani anakwenda kwao kupiga kura. Aliporudi Novemba 2020 nikamuuliza, kwa utani, kura yake kaitupa wapi.

"Sina kura, kaka," akasema, mkono unaendelea kupima sukari.

Akanieleza. Kupiga kura ya Zanzibar kunataka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kunataka uwe umekaa jimboni miezi 36 mfululizo. Anayesema nani kakaa na nani hakukaa ni sheha, kiongozi wa serikali mtaani, na sheha wa kwao alimtazama mara moja tu akamwambia: wewe mtu wa Dar, nenda kapige huko huko. Tangu hapo, kila uchaguzi hufunga duka, hupanda boti, hukaa Wete siku saba bila kutia karatasi kwenye sanduku lolote, kisha hurudi kutuuzia unga.

"Sasa unafuata nini?"

"Naenda kuwapo."

Sikulielewa jibu hilo, na sikulisahau. Agosti 2023, aliposikia nina safari ya Unguja, alinipa kiboksi kilichofungwa kwa gundi ya karatasi. Ndani mlikuwa na miwani ya mama yake, iliyotengenezwa Kariakoo. Nikivuka hadi Pemba, akasema, nimfikishie. Mpemba hakosi mtu wa kumbebea mzigo. Kila boti ina jamaa zake kumi. Nilijua ananituma nikaone, nami nilikuwa na hamu ya kuona. Nimekuwa nikisoma matokeo ya chaguzi za Zanzibar tangu nikiwa skuli, na Wete ni miongoni mwa miji ambayo jibu lake ulilijua kabla ya swali kuulizwa.

Boti ilikuwa na gumzo hadi ilipopita Nungwi. Hapo mkondo hubadilika, chombo huanza kuinama, na watu hunyamaza wenyewe. Katika bahari hii, Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba ikiwa imesheheni watu na mizigo. Bibi aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa anavuta tasbihi, na hakuiweka chini mpaka vilima vya Pemba vilipojitokeza.

Unguja ni tambarare, Pemba ni vilima na mabonde, na kila bonde lina mpunga, kila kilima kina mikarafuu. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani. Ni jina ambalo CCM ingelifurahia sana, lau kijani cha siku hizo kingekuwa na maana ya kijani cha leo.

Kutoka Mkoani hadi Chake nilipanda gari iliyojaa vikapu, na Chake nikabadilisha. Ilikuwa msimu. Kandokando ya barabara majamvi yametandikwa, karafuu mbichi zinaanikwa, na harufu ile inaingia dirishani kali kama dawa ya meno. Watoto wamekaa kulinda kuku wasipite juu. Nilimsikia mtu mmoja nyuma yangu akibishana na mwenzake kuhusu makonyo ya karafuu, kama ni bora kuyauza au kuyatupa shambani. Siasa sikuisikia hata neno. Nilitegemea nitaikuta imebandikwa kwenye kila mwembe.

Wete yenyewe ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Pemba, lakini mgeni anaweza kuimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Barabara kuu inashuka taratibu hadi bandarini, ambako majahazi hupakia na kupakua. Juu, mjini, yamesimama maghorofa ya Wajerumani Mashariki, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ili yawe sura ya maisha mapya; nguo zinaning'inia kwenye baraza zake, na mbuzi wamelala kivulini. Adhuhuri adhana ilipolia, muuza duka mbele yangu aliweka kiti mlangoni akaondoka. Hakufunga. Kiti kinatosha. Sikuona baa, sikuona mwanamke aliyefunua kichwa, na kijana wa vespa aliyenipeleka aliteremka na kusukuma chombo chake tulipopita mbele ya nyumba yenye msiba.

Uhafidhina ndio huo, ingawa hapo sikumsikia hata mmoja akijiita mhafidhina. Katika vitabu vya siasa vinavyosomeshwa vyuoni, mji wa namna hii ndio mtaji wa chama kilichoko madarakani: wazee wana neno, vijana wana heshima, dini imeshika kila kona, mabadiliko yanatazamwa kwa jicho la kando. Wete ina yote hayo. Na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mji huu umekuwa ukiipa kura upinzani kwa wingi ambao kwingineko ungetiliwa shaka. Mwaka 1995 CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. Mwaka 2005, majimbo yakiwa yamepunguzwa, ikachukua yote 18. Mwaka 2010 yote 18 tena. Bara tulizoea kusema ni ukabila wa kisiwa, Mpemba kumchagua Mpemba. Lakini mgombea wa CCM wa 2010, Dk. Ali Mohamed Shein, ni Mpemba wa kuzaliwa. Alishinda urais kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na hakushindia Pemba.

Bi mkubwa nilimkuta uwani anachambua karafuu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nikamwamkia, nikampa salamu za mwanawe, nikampa kiboksi. Hakukifungua. Alinyanyuka akaniletea maji, kisha muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akakaa kunitazama nikila. Kila nilipopumzika aliniuliza jambo moja kuhusu mwanawe: anakula nini, analala saa ngapi, kwa nini hajaongeza mke. Nilijibu nilivyoweza. Alasiri mjukuu wake akanichukua kwenda barazani, maana mwanamume mgeni hakai uwani kutwa.

Barza ile ilikuwa na wazee saba, birika la kahawa na sahani ya haluwa. Wapemba hujuana kwa vilemba, na mimi sikuwa na kilemba. Ilinichukua vikombe vitatu na jina la mwenye duka mpaka mazungumzo yakarudi yalikokuwa. Nilipoona wakati umefaa nikauliza lile lililonileta: inakuwaje mji mzima unakuwa na kura moja?

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, akanionesha kwa fimbo mkarafuu uliokuwa nyuma ya nyumba.

"Ule kaupanda babu yangu. Mwaka huu haukuzaa. Niukate?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Kisha akaendelea, sasa bila mzaha. Wao hawajabadilisha kitu tangu mkoloni. Wakati wa siasa, yaani ile miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, Pemba ilikuwa na vyama vya Hizbu ya jogoo na ZPPP ya Mohammed Shamte. Vyama vikafutwa 1964. Viliporudi wakaingia CUF. Mahakama ilipompa Profesa Lipumba CUF mwaka 2019, Maalim akashusha tanga akapandisha jingine, nao wakahamia ACT-Wazalendo kwa siku moja. Rangi ilikuwa buluu na nyeupe ikawa zambarau. "Matanga ndiyo yaliyobadilika, yakhe. Chombo kile kile."

Maelezo yale yalikuwa mazuri mno, nikayaonea shaka. Nilikuwa nimesoma matokeo ya Julai 1963. Mwaka ule, katika viti 31, ASP, yaani Afro-Shirazi, ilipata 13, Hizbu 12 na ZPPP 6, ingawa ASP ilikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote. Serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP, Shamte akawa Waziri Mkuu. Hayo kila mtu anayajua. Yanayosahaulika ni kwamba ASP ilipata viti hata hapa Pemba, na kura zake kisiwani hazikuwa za kubezwa. Kama chombo ni kile kile, wale abiria waliteremka wapi?

Nikalisema hilo kwa upole, kama mgeni anavyopaswa. Barza ikanyamaza kidogo. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake. Kisha mzee mwingine, aliyekuwa hajasema neno tangu nifike, akasema:

"Kweli. Ami yangu alikuwa Afro. Wa kulia kabisa. Alikwenda Unguja kushangilia Mapinduzi."

"Ikawaje?"

"Alirudi, akachapwa bakora na hao hao aliokwenda kuwashangilia."

Nilielewa mengi kwa sentensi ile kuliko kwa vitabu nilivyobeba kichwani. Pemba haikuwa kama Unguja. Huko mashamba makubwa yalikuwa ya wachache, na wengi walikaa kwenye ardhi ya wengine. Huku mikarafuu ilikuwa imegawanyika mikononi mwa watu wengi, Mwarabu na Mwafrika wameoana, na mtu mwenye mikarafuu ishirini hakujihesabu mtumwa wa yeyote. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipovushwa bahari yakaletwa huku, yaliwakuta watu ambao wengi wao hawakuwa na wa kumpindua. Yaliyofuata wazee wanayaita siku za bakora: mtu mzima analazwa chini mbele ya wanawe na kuchapwa, kwa kutokuja kazi za kujitolea, kwa neno alilosema, au kwa kuwa Mpemba tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaja chakula kuadimika. Na wakati wote huo karafuu mnunuzi wake ni mmoja, serikali, kwa bei yake. Nchi ikaishi kwa karafuu za Pemba, majengo yakanyanyuka Unguja. Aliyejaribu kuzivusha usiku kwenda Kenya aliitwa mlanguzi, na adhabu yake ilikuwa nzito.

Kwa hiyo kura moja ya Wete ni changa kuliko wanavyoamini wenyewe. Haikuachwa na mababu. Imetengenezwa baada ya 1964, na waliotengeneza ni wale wale wanaoilalamikia. Niliwaambia hivyo wazee wa barza na sijui kama walilipenda. Mzee wa mkarafuu alisema tu kwamba mti ukishaota, nani anauliza aliyefukia mbegu.

Tangu vyama vingi viliporudi, mti huo umetiwa maji mengine. Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad 49.8. Huku hakuna anayeitaja ile 50.2 bila kutabasamu. Uchaguzi wa 2000 ulivurugika, CUF ikaandamana Januari 2001, na tarehe 26 na 27 risasi zilipigwa. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao hapa Pemba. Zaidi ya 2,000 walivuka na vyombo vya uvuvi hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kwa mara ya kwanza ikatoa wake. Kijana wa vespa aliyenipeleka aliniambia alizaliwa miezi michache baadaye, babake akiwa bado Shimoni.

Nilimuuliza naye kura yake. Alipiga 2020, mara ya kwanza. Akapata kitambulisho? Akapata, lakini rafiki yake wa nyumba ya pili hakupata, na walizaliwa mwezi mmoja. Atapiga tena? Akaguna. "Wazee wanasema subiri. Maalim alisema subiri. Ukisubiri mitano, mitano, mitano, umeshazeeka." Anataka kwenda Muscat kwa mjomba wake. Lakini akibaki, akasema, atapiga kule kule.

"Kwa nini?"

"Babangu atajua."

"Kura si siri?"

"Siri kwa Tume. Kwa babangu si siri."

Hapa niseme langu. Jimbo la kura za uhakika lina hasara ambayo barza haipendi kuitaja. Anayelitawala anajua hatalipata, kwa hiyo hana haraka nalo; anayelimiliki anajua hatalikosa, kwa hiyo naye hana haraka. Micheweni, jirani yao wa kaskazini, takwimu za serikali zenyewe zimeiweka mahali pa mwisho kwa umaskini Zanzibar nzima. Nilipolisema hilo waliitupia CCM lawama zote. Sikuweza kuwapinga sana, lakini wabunge na wawakilishi wa upinzani waliokaa miaka ishirini bila kuulizwa swali gumu na wapiga kura wao nao wana fungu lao. Mgombea ambaye hahitaji kubisha hodi hasomi kilichoandikwa mlangoni.

Usiku ule nilikwenda kumwona mtu wa upande wa pili. Si rahisi kumpata. Hakai barza ile, ana ya kwake karibu na ofisi ya chama. Mwalimu mstaafu, mpole, nyumba yake imejaa vitabu vya skuli vilivyochakaa. Aliingia CCM siku ilipozaliwa, Februari 1977, na hajatoka. Nilitaka anieleze mwaka 2016.

Msomaji atakumbuka. Oktoba 28, 2015, kura zikiwa zinahesabiwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wote wa Zanzibar peke yake. Ukarudiwa Machi 20, 2016. CUF ikasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Wete siku ile, mwalimu alisema, ilikuwa kama mji uliohamwa. Aliyekwenda kituoni alionekana, maana hapakuwa na umati wa kujifichia. Na aliyeonekana hakusahauliwa.

"Nilikwenda dukani kutaka sukari kilo moja. Nikaambiwa imekwisha. Gunia naliona."

Gari zikawa hazimsimamii. Harusi ya mtoto wa kaka yake hakualikwa. Mamake alipofariki, waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wanne, katika mji ambao maiti ya mgeni asiyejulikana huzikwa na mamia. Aliyasema haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mambo hayo si mageni visiwani. Kususiana maduka na mazishi kulikuwapo tangu siku za Hizbu na Afro. Lakini yeye alikuwa mtoto wakati ule, na hakudhani atayaona tena uzeeni.

Nikamuuliza kama amewasamehe. Akafikiri.

"Sisi tuliwanyima vitambulisho, wao wakatunyima sukari. Sasa wa kumsamehe mwenzake nani?"

Akaniomba nisimtaje jina. Sikuwa na nia hiyo. Alinisindikiza hadi barabarani na tochi, na tulipopita mbele ya duka lile la sukari mwenye duka alimwamkia, naye akaitikia. Hali imetulia, alisema. Maridhiano yana faida zake, hata yakiwa ya juu juu. Alikumbuka Novemba 2009, Rais Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyopitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. "Siku ile tulipiga kura pamoja, mimi na hao. Sote Ndiyo. Mara moja katika maisha yangu."

Asubuhi ya pili nilivuka Mtambwe kwa mashua ya mashine. Wete na Mtambwe zinatazamana kwenye ghuba moja, na mtu wa upande huu humwona wa upande ule akianua nguo. Mtambwe Mkuu ni mji uliokufa. Mwaka 1984 walifukua hapo sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Watu hawaji kwa ajili hiyo. Wanakuja Nyali, alikozaliwa Maalim Seif mwaka 1943 na alikozikwa Februari 18, 2021.

Nilitegemea kaburi la kiongozi: uzio wa chuma, marumaru, mlinzi. Niliyoyakuta ni makaburi ya ukoo na utulivu. Mtu huyu aliwahi kuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984, akafukuzwa uwaziri na chama mwaka 1988, akakaa kizuizini tangu 1989 hadi 1991, akagombea urais wa Zanzibar mara sita, asitangazwe mshindi hata mara moja, na akafa akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali iliyoundwa baada ya uchaguzi alioukataa. Wapo Wete waliomwonea uchungu kwa hilo la mwisho. Mzee mmoja niliyemkuta Nyali anachunga ng'ombe alisema Maalim aliingia serikalini Desemba 2020 ili watu wasife zaidi, na kwamba mtu anayemlaumu hajazika. Sikumuuliza alimzika nani.

Kuhusu 2020 yenyewe, kila mtu ana hesabu zake. Matokeo rasmi yalimpa Dk. Hussein Mwinyi asilimia 76 na Maalim karibu 20, na ACT ikabaki na viti vinne tu vya kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi. Yaani kwa hesabu hizo Pemba iligeuka kijani ndani ya usiku mmoja. Barza hawazijadili, ukizitaja wanakumiminia kahawa. Wanachokitaja ni Konde, jimbo la kaskazini mwa hapa. Mbunge wake wa ACT alifariki, ukafanyika uchaguzi mdogo Julai 2021, CCM ikatangazwa mshindi. Kabla ya kuapishwa, mshindi huyo akajiuzulu. Ukarudiwa Oktoba, ACT ikashinda. Wazee wanalisimulia hilo kama watu wa mpira wanavyosimulia bao.

Usiku wa mwisho bi mkubwa alifungua kiboksi. Alisubiri mpaka watoto walale. Aliivaa miwani, akainuka akaenda kutazama kalenda ya msikiti ukutani, akasoma tarehe kwa sauti, ya Hijria na ya Miladi, akarudi kukaa mkekani. Nikaona nimuulize na yeye, kwa kuwa wote nilikuwa nimewauliza isipokuwa mwenye nyumba.

Akanisimulia 1995. Waliondoka nyumbani baada ya sala ya usiku, wanawake wa mtaa mzima, wamebeba uji kwenye chupa za chai. Karatasi zilikuwa zaidi ya moja: Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani. Hajui kusoma maandishi ya Kizungu, yaani herufi hizi tunazoandikia. Anasoma za Qur'ani. Akatafuta picha. Nje alimkuta mkwe wake kakaa chini analia, jina lake halimo daftarini. Tangu siku hiyo, alisema, hajawahi kukosa foleni, hata 2020 alipopelekwa na kiti.

"Na nani ulimpa, bi mkubwa?"

"Hilo silisemi. Hata marehemu mume wangu hakulijua."

Nilicheka, nikakumbuka yule kijana wa vespa na babake. Kumbe ndani ya kura moja ya Wete mna chumba kingine ambacho hata barza haina ufunguo wake. Pengine anapiga kama wote. Pengine sivyo.

Kisha akanigeuzia. "Nawe, mwanangu, kwenu Dar unapiga wapi?"

Nikamwambia kweli. Sijapiga kura tangu 2010. Mara ya kwanza nilikuwa safarini, mara ya pili foleni ilikuwa ndefu.

Alinitazama kwa ile miwani mipya, macho yamekuwa makubwa nyuma ya vioo.

"Nani kakunyima?"

"Hakuna, bi mkubwa. Hakuna aliyeninyima."

Hakusema zaidi. Aliniletea mfuko wa karafuu kavu nipeleke Dar, akanionesha pa kulala.

Mwenye duka nilimkuta anapima unga. Nikampa mfuko, akaunusa, akauweka chini ya kaunta, akauliza kama miwani imemkaa mamake. Nikamwambia imemkaa, anasoma kalenda. Akafurahi. Nikamuuliza kama uchaguzi ujao atafunga tena. Atafunga, akasema, na safari hii daftari likifunguliwa atatangulia mapema kwenda kujaribu kujiandikisha. Sheha ni yule yule.